Simu Inapopiga Hodi: Sasisho Usilolitarajia ni la Kukubali au la Kukataa?

Mama yangu mdogo, anayeishi Wete, Pemba, alipata matangazo mawili ya sasisho kwenye simu yake katika wiki moja. La kwanza lilimjia usiku, baada ya kubonyeza kiungo kilichopita kwenye kundi la WhatsApp la wazee wa skuli anayosoma mjukuu wake. Ulifunguka ukurasa mweupe wenye jina la simu yake likiwa limeandikwa kwa usahihi, Kiswahili kizuri kilichomwarifu kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, na saa ndogo iliyokuwa ikihesabu dakika tatu kurudi nyuma. La pili lilikuja siku nne baadaye, mchana, bila ya yeye kubonyeza chochote: sentensi mbili za Kiswahili kilichopinda, alama ya gurudumu lenye meno, na taarifa kwamba faili lina ukubwa wa GB 1.1. Alilikubali la kwanza, akalikataa la pili. La kwanza lilikuwa la matapeli, na la pili ndilo lililotoka kwa watengenezaji wa simu yake.

Nilipomuuliza kwa nini alifanya hivyo, jibu lake lilikuwa na hoja ndani yake. "Lile la kwanza lilinieleza, mwanangu, likanitajia na muda. Hili la pili limekuja tu, halikujitambulisha, tena lataka bando langu lote." Aliwapima wageni wawili kwa mavazi na kwa maneno yao, kama tunavyofanya wengi wetu, na mavazi na maneno ndivyo vitu ambavyo tapeli hana shida navyo.

Tukubaliane kwanza juu ya istilahi. Mfumo endeshi ni programu kubwa inayoiendesha simu yenyewe, nayo ni Android kwa simu nyingi tulizonazo visiwani na iOS kwa iPhone. Programu tumishi ni zile tunazoziongeza juu ya mfumo huo, kama WhatsApp au programu ya benki. Sasisho, ambalo mitaani tunaliita apdeti, ni toleo jipya la kimojawapo kati ya viwili hivyo, na utata mwingi huanzia hapa, kwa sababu neno moja linabeba vitu viwili vinavyopita njia tofauti. Sasisho la programu tumishi hupita dukani, yaani Play Store au App Store, ilhali sasisho la mfumo hupita ndani ya mipangilio ya simu. Miongoni mwa masasisho ya mfumo mna madogo yaitwayo viraka vya usalama, ambayo hayaleti sura mpya wala rangi mpya. Kazi yake ni kuziba matundu.

Aliyekulia pwani hatapata taabu kuelewa habari ya matundu. Chombo cha mbao hupigwa kalafati: fundi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta na kuishindilia kwenye nyufa kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Kazi hiyo haimaliziki siku chombo kinaposhushwa baharini, kwani mbao hukauka, hufunguka, na baada ya muda chombo hupandishwa tena ufukweni, nyufa zikatafutwa upya. Mfumo wa simu una mamilioni ya mistari ya maelekezo yaliyoandikwa na binadamu, na matundu yake mengi huonekana baada ya simu kuwa tayari imo mifukoni mwa watu. Julai 2015, kampuni ya usalama ya Zimperium ilitangaza tundu katika Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia video, ambalo lingemwezesha mtu mbaya kuipenya simu kwa ujumbe wa video uliotengenezwa maalumu, hata kabla ya mwenye simu kuufungua. Ilikadiriwa kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Kuanzia Agosti mwaka huo huo Google ikaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Hiyo ndiyo asili ya sasisho linalokuja bila ya wewe kusikia habari yake. Ratiba ni ya mafundi, wala hakuna anayepiga mbiu kabla ya kulileta. Google hutoa kiraka, mtengenezaji wa simu hukipokea na kukipima kwenye aina zake, kisha hukisambaza kwa awamu, kundi hili leo na lile wiki ijayo, ili kikiwa na kasoro isiwakumbe wote kwa pamoja. Kwa hiyo mume anaweza kupata tangazo leo na mkewe, mwenye simu ya aina ile ile, akalipata baada ya siku kumi, na jambo hilo halina maana kwamba moja ni la kweli na jingine la uongo. Simu zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai nazo huweza kufuata ratiba ya soko zilikokusudiwa kuuzwa, ikawa hazilingani na za jirani aliyenunua ya hapa.

Hata umri wa simu si kipimo. iPhone 5s ilitoka mwaka 2013, na wengi tulikwisha kuihesabu kuwa imezikwa, lakini Januari 2023 Apple iliiletea toleo la iOS 12.5.7 kwa ajili ya kuziba tundu moja la usalama. Mwenye simu hiyo aliyeshtuka na kudhani ametapeliwa alikuwa na haki ya kushtuka, ila sasisho lilikuwa halali.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, la namna ya kutofautisha. Huku visiwani, mtu akihamia kwenye shehia, sheha, yaani kiongozi wa mtaa huo, humtaka barua ya utambulisho kutoka kwa sheha wa alikotoka, na kinachotazamwa kwenye barua hiyo ni muhuri. Masasisho ya mfumo nayo yana muhuri. Mtengenezaji ana ufunguo wa siri anaoutumia kulipiga muhuri kila sasisho, na simu yako imebeba, tangu kiwandani, kipande cha pili cha ufunguo huo, ambacho hakiwezi kupiga muhuri bali kuukagua tu. Tena muhuri huu unaupita wa karatasi kwa jambo moja kubwa: barua iliyokwisha kugongwa muhuri mtu anaweza kuichomeka neno, na wino ukabaki vile vile, lakini muhuri wa kidijitali hukokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, hata ikibadilishwa herufi moja kati ya mabilioni, hesabu hukataa. Simu hufanya ukaguzi huo yenyewe, kimya kimya, na sasisho la mfumo lisilo na muhuri sahihi haliipandishi.

Natamani kila mwenye simu aielewe sehemu hii, kwa sababu ikieleweka khofu nyingi huondoka. Tapeli wa kawaida hana uwezo wa kukuletea sasisho la mfumo lililo bandia, kwa kuwa hana muhuri. Anachokuletea ni programu tumishi ya kawaida iliyovishwa jina la sasisho. Machi 2021 Zimperium hiyo hiyo ilieleza juu ya programu ya kijasusi ya Android iliyojiita kwa Kiingereza sasisho la mfumo, ikawa inaonyesha tangazo la kutafuta sasisho huku ikikusanya ujumbe, picha, na sauti za mwenye simu. Haikuwahi kuwekwa Play Store. Kila aliyekuwa nayo iliingia kwake kwa njia ya nje.

Programu ya namna hiyo, ili iingie, inahitaji uifungulie mlango kwa mkono wako. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, ukijaribu kusakinisha faili lililotoka kwenye kivinjari, kama Chrome, au WhatsApp, simu hukusimamisha na kukwambia kwamba kwa usalama wako hairuhusiwi kusakinisha programu zisizojulikana kutoka chanzo hicho, kisha hukupa kitufe cha kuruhusu. Sasisho halisi la mfumo halipiti kwenye ukurasa huo hata siku moja. Ukiuona, umekwisha kupata jibu, na hakuna haja ya kuchunguza zaidi nembo wala tahajia. Mama mdogo aliuona, akaruhusu, kwa sababu dakika tatu zilikuwa zimebaki sekunde arubaini. Saa ile haikuwa ya pambo. Watengenezaji halisi hukuachia uahirishe, na hata wakikukumbusha kila siku hadi ukereke, hawakuwekei saa ya kukukimbiza.

Wengi wetu tumejizoesha vibaya kwa upande huu, na sitajitoa. Wanaotumia GBWhatsApp na nduguze, zile WhatsApp zilizochezewa ili mtu asome ujumbe uliofutwa au afiche kwamba yuko hewani, hulazimika kuzichukua nje ya duka rasmi, na kila zinapopitwa na wakati hulazimika tena kwenda kwenye tovuti fulani kupakua faili jipya. Nilikuwa nayo kwa muda mrefu. Mkono uliozoea kubonyeza kitufe cha kuruhusu mara kwa mara kwa ajili ya GBWhatsApp hautasita siku tapeli atakapouomba ubonyeze.

Njia ninayoishauri haihitaji utaalamu. Mgeni akibisha hodi, usimhoji barazani. Yeye mwache hapo hapo, wewe zunguka uende ukaulize kwa wenye habari. Funga tangazo au ukurasa wowote uliokujia, usibonyeze hata kitufe cha kukataa kilichomo ndani ya ukurasa huo, kisha fungua mwenyewe mipangilio ya simu, ile yenye alama ya gurudumu lenye meno, utafute sehemu ya mfumo au ya kuhusu simu, na humo sehemu ya sasisho. Kama sasisho lipo kweli, utalikuta likikusubiri hapo. Kama simu inasema huna jipya, basi aliyepiga hodi hakutumwa na mtengenezaji. Ikiwa tangazo lilihusu programu tumishi, fungua duka rasmi kwa mkono wako, utafute jina la programu hiyo, utazame kama pana kitufe cha kusasisha. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kuamua kama ujumbe ni wa kweli au wa uongo. Huutumii kabisa.

Vipimo ambavyo watu huvitegemea vimechakaa. Lugha mbovu, kwa mfano, iliwahi kuwa dalili nzuri, lakini siku hizi matapeli wanaandika Kiswahili sanifu, na matangazo halali ya simu ndiyo yanayosomeka kama yametafsiriwa na mtu mwenye haraka. Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti ina maana tu kwamba hakuna anayedukua mazungumzo yako na tovuti hiyo njiani. Mwenye tovuti mwenyewe anaweza kuwa mwizi. Na jina la simu yako kuandikwa kwa usahihi si muujiza, kwa sababu kivinjari mara nyingi humwambia kila mwenye tovuti aina ya simu inayomtembelea. Kipimo kibovu kuliko vyote ni kwamba kiungo kimetoka kwa mtu unayemjua. Ule ujumbe wa "ile pesa itume kwa namba hii" umetufunza kuwashuku wageni, lakini simu ya ndugu ikishaingiliwa hutuma viungo kwa kila aliyemo kwenye orodha yake bila ya yeye kujua.

Yupo pia anayeuliza habari ya namba ya siri. iPhone hukuomba namba ya kufungulia skrini kabla ya kusakinisha sasisho, na Android huiomba simu inapowaka tena, na hilo ni sawa. Namba ya siri ya pesa za simu ni kitu kingine kabisa, na hakuna sasisho la mfumo lililo na shughuli nayo.

Muhuri, hata hivyo, hutuambia sasisho limetoka wapi na kwamba halikuguswa njiani. Hautuambii kwamba ni zuri. Ukimwambia mtu kwamba masasisho rasmi siku zote ni heri, unamdanganya, na siku akiumia hatakusikiliza tena. Septemba 24, 2014, Apple ilitoa iOS 8.0.1, na baadhi ya iPhone 6 na 6 Plus zikapoteza mtandao wa simu na uwezo wa kutambua alama ya kidole. Kampuni ikaliondoa baada ya muda wa kama saa moja, ikasema zilizoathirika ni chini ya 40,000, na kesho yake ikatoa jingine. Hilo lilikuwa kosa. Yapo na yaliyokusudiwa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho la mapema mwaka huo lilikuwa likipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla, jambo ambalo wateja hawakuelezwa waziwazi. Mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa masasisho yaliyozidhoofisha simu za zamani. Na Januari 2025 Google ilizipelekea simu za Pixel 4a, ambazo zilikwisha kuachwa tangu 2023, sasisho la ghafla ambalo kwa baadhi yake lilipunguza uwezo wa betri.

Kwa hiyo wale wanaosema barazani kwamba apdeti inaiua simu ya zamani hawakuzua. Wanakosea pale wanapofanya kuwa ni kanuni. Mara nyingi simu huwa nzito na ya moto kwa siku moja au mbili baada ya sasisho kubwa kwa sababu inapanga upya programu zake, kisha hutulia. Msimamo wangu mimi ni kutenganisha mambo mawili. Kiraka cha usalama nakiweka ndani ya siku chache, kwani kiraka kinapotangazwa tundu nalo limetangazwa, na wenye nia mbaya wanajua wapi pa kupapasa. Tuliliona mwaka 2017 kwa upande wa kompyuta: Microsoft ilitoa kiraka Machi, na Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, kikatatiza hospitali za Uingereza na mashirika mengi duniani ambayo kompyuta zake zilikuwa bado hazijazibwa. Toleo jipya la mfumo mzima, lile linalobadilisha namba kubwa na sura, nalisubirisha wiki mbili au tatu, wenye haraka watangulie.

Pana hali moja ambayo ushauri wote huu hauitoshelezi, nayo ni pale mlango wa mbele wenyewe unapokuwa umekodishwa. Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire iligundua kwamba baadhi ya simu za bei nafuu za BLU zilizouzwa Marekani zilikuwa na programu ya kusimamia masasisho, iliyotengenezwa na Adups ya Shanghai, ambayo ilituma ujumbe wa maandishi wa wenye simu kwenda China kila baada ya saa 72. Muhuri ulikuwepo, njia ilikuwa sahihi. Kinga ya hili huanza kabla ya kununua: kutazama kama mtengenezaji anatoa ahadi ya masasisho kwa miaka fulani, na kuikimbia simu ambayo muuzaji mwenyewe hana uhakika nani aliyeitengeneza. Vivyo hivyo simu iliyoflashiwa, yaani iliyopakiwa mfumo upya, na fundi ili ifunguliwe kufuli ya kiwandani: ukaguzi wa muhuri nilioueleza huenda umezimwa, na hapo hakuna anayejua kinachoingia.

Mambo ya mkononi nitayapita haraka. Weka nakala ya picha na namba zako kwanza. Chaji ifike nusu au zaidi, na simu ibaki kwenye umeme. Umeme ukikatika katikati simu huendelea kwa betri yake, ndiyo maana ya kutaka chaji. Kama bando ni dogo, subiri Wi-Fi.

Kwa aliyekwisha kuingiza lile la uongo, hatua ya kwanza ni kuzima data na Wi-Fi. Kisha, kabla ya kujaribu kuifuta programu ile, iondolee ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na ya usimamizi wa kifaa ndani ya mipangilio, kwa sababu programu hizi hujishikiza humo ili zisifutike. Badilisha maneno ya siri kwa kutumia simu nyingine, uwapigie watoa huduma wa pesa zako za simu, na ujumbe ulioletea balaa uutume kwa namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Ikishindikana kufutika, irejeshe simu kwenye hali ya kiwandani.

Kwa mama mdogo haikufika huko. Tulikaa barazani kwake, tukaitafuta programu yenyewe, ikawa na gurudumu lenye meno la kughushi na jina la "Mfumo", ikakataa kufutika mara mbili, na ya tatu, baada ya kuvuliwa ruhusa ya ufikivu, ikakubali. Watu kumi na moja walikuwa wamekwisha kutumiwa kiungo kutoka kwenye namba yake, na ilimbidi awapigie mmoja mmoja. Kisha tukafungua mipangilio, na lile sasisho alilolikataa tukalikuta limekaa pale pale na GB 1.1 yake. Aliniuliza kama linalofuata nalo litammalizia bando. Nikamwambia viraka vya kila mwezi kwa kawaida ni vidogo kuliko hilo, na kwamba anaweza kusubiri mpaka atakapovuka kuja Unguja atumie Wi-Fi yangu, mradi safari yenyewe isingoje Ramadhani.